Mfalme wa Ashuru Aliandika kwa Ajili ya Nani?

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamemjua mfalme wa Ashuru, dola ya kale iliyokuwa kaskazini mwa Iraq ya leo, kupitia Kitabu cha Pili cha Wafalme, ambamo Senakeribu anaipandia Yuda kwa vita, anaitwaa miji yenye maboma na kumtoza Hezekia talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Kwa zaidi ya miaka 2,000 habari za wafalme hao zilitoka kwa watu waliovamiwa nao, au kwa waandishi wa Kigiriki waliosimulia mambo waliyoyasikia kwa mbali. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1843, pale Paul-Émile Botta, balozi mdogo wa Ufaransa mjini Mosul, alipofukua kasri la Sargoni wa Pili huko Khorsabad. Miaka miwili baadaye Mwingereza Austen Henry Layard alianza kuchimba Nimrud, kisha akaingia Ninawi yenyewe. Ghafla wafalme wa Ashuru wakawa na sauti yao wenyewe, tena sauti isiyojua haya: kuta, vizingiti na mawe ya misingi vilimtaja mfalme, vyeo vyake, baba zake na maadui aliowaponda.

Wingi huo wa maneno ndio unaoleta utata. Mfalme anayejisifu kwa sauti kubwa namna hiyo anaweza kumlaghai msomaji kwa njia mbili: msomaji mwepesi humwamini kila neno, na msomaji mjuaji humwita mwongo na kufunga kitabu. Wote wawili wamelikwepa swali la msingi, ambalo ni kwamba kila andishi lilikusudiwa lisomwe na nani, na liliwekwa wapi. Ukilijua hilo, hata uongo wa mfalme unakuwa na habari ndani yake.

Kwanza maandishi yenyewe. Mwandiko wa kikabari uliandikwa kwa kugandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, au kwa kuchonga alama hizohizo kwenye jiwe. Alama zake ni mamia, na alama moja yaweza kuwa silabi hapa na neno zima pale, kwa hiyo msomaji hutegemea sana muktadha. Lugha ya maandishi mengi ya kifalme ni Kiakadi, ndugu wa Kiarabu na Kiebrania, na udugu huo ulisaidia mno katika kuufumbua mwandiko, sawa na ulivyosaidia mwamba wa Behistun nchini Iran, ambako Dario, mfalme wa Uajemi, aliandika habari moja kwa lugha tatu. Mwaka 1857 jumuiya ya wasomi wa mambo ya Asia huko London iliwapa watu wanne, Henry Rawlinson, Edward Hincks, Jules Oppert na William Henry Fox Talbot, andishi moja la Tiglath-pileseri wa Kwanza ili kila mmoja alitafsiri peke yake na kuileta tafsiri ndani ya bahasha iliyofungwa. Bahasha zilipofunguliwa, tafsiri ziliafikiana vya kutosha kuwanyamazisha waliodhani kwamba watu hawa walikuwa wakibahatisha.

Jambo la kwanza lililojitokeza katika maandishi hayo linashangaza: katika fikra za Waashuri wenyewe, mfalme hakuwa yule aliyekalia kiti. Mfalme alikuwa mungu wao Ashur, aliyeitwa kwa jina moja na mji wake wa Assur ulioko kando ya mto Tigri. Muhuri wa Silulu, mmoja wa watawala wa kale wa mji huo, unasema waziwazi kwamba Ashur ndiye mfalme na Silulu ni wakili wa Ashur. Mamia ya miaka baadaye, katika ibada ya kumtawaza mfalme, kuhani bado alipaza sauti njiani kuelekea hekaluni akitangaza kwamba Ashur ni mfalme. Mtawala wa kwanza wa aina hii alikuwa na mamlaka madogo kuliko tunavyodhani. Vibao zaidi ya 20,000 vilivyopatikana Kültepe nchini Uturuki, ambako wafanyabiashara wa Assur walikuwa na makazi yao katika karne ya 19 K.K., vinaonyesha kwamba hukumu nzito zilitolewa na Mji, yaani baraza, huku mtawala akiwa msemaji na mwenyekiti wake. Kutoka wakili huyu wa baraza hadi mfalme wa dola iliyofika Misri ni mwendo wa zaidi ya miaka 1,000, lakini cheo cha wakili wa Ashur hakikuachwa kamwe.

Hata hesabu ya miaka ilibaki na alama ya mamlaka yaliyogawanywa. Waashuri hawakuhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Kila mwaka ulipewa jina la afisa mmoja, na mfalme naye alisubiri zamu yake. Upo mchemraba mdogo wa udongo, uliohifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, uliotumika kumpigia kura ya bahati Yahalu, mkuu mmoja wa Shalmanesa wa Tatu, ukiwa na dua kwamba mavuno ya nchi yastawi katika mwaka wake. Orodha za majina hayo ndizo uti wa mgongo wa tarehe zetu zote. Katika mwaka wa Bur-Saggile, gavana wa Guzana, orodha inataja uasi katika mji wa Assur na kupatwa kwa jua. Wanafalaki wamepiga hesabu na kukuta kupatwa huko kulitokea tarehe 15 Juni mwaka 763 K.K., na kuanzia hapo miaka mingine hupangwa mbele na nyuma.

Sasa turudi kwenye swali la msomaji aliyekusudiwa. Sehemu kubwa ya maandishi tunayoyaita ya kujitukuza ilifichwa kwa makusudi. Nguzo fupi za udongo zenye pande 6 au 8, zilizojaa habari za vita na ujenzi, zilizikwa ndani ya misingi na kuta. Katika kasri la Ashurnasirpal wa Pili (883–859 K.K.) huko Nimrud, andishi lilelile limechongwa juu ya michongo ya ukutani mara nyingi hadi linachosha, na baadhi ya mabamba yana maandishi hata upande wa nyuma, ule unaotazamana na tofali, ambao hakuna mtu angeuona mpaka jengo lianguke. Mwishoni mwa maandishi ya namna hii huja maneno kwa mfalme wa baadaye: atakapolikuta jengo limechakaa, alikarabati, alisome jina lililoandikwa, alipake mafuta, atoe sadaka na kulirudisha mahali pake, atakayelifuta jina hilo, miungu imlaani. Wasomaji waliokusudiwa, basi, walikuwa miungu na mfalme ambaye hajazaliwa. Anayeandika kwa ajili ya hao wawili hana sababu ya kuripoti alivyoshindwa, kwa kuwa andishi lake ni hesabu ya wakili mbele ya tajiri wake, inayoonyesha kwamba kazi aliyotumwa imefanyika.

Kwa watu wa kawaida kulikuwa na njia nyingine. Jiwe la Ashurnasirpal lililofukuliwa mwaka 1951 linaeleza karamu ya kuzindua mji wake mpya wa Kalhu, yaani Nimrud ya leo: wageni 47,074 kutoka nchi zote, wajumbe 5,000 wa falme za kigeni, wakazi 16,000 wa Kalhu na watumishi 1,500 wa makasri, jumla 69,574, waliokula na kunywa kwa siku 10. Hesabu hiyo inajumlika sawasawa. Mhasibu wa kasri alikuwa amekaa karibu na mwandishi, na binafsi naona alama hiyo ndogo ya ofisi inaeleza dola hii vizuri kuliko vitisho vingi vya vita.

Hesabu za vita ni jambo tofauti. Mwaka 853 K.K. Shalmanesa wa Tatu alipambana huko Qarqar, nchini Syria, na muungano wa wafalme waliomzuia njia, miongoni mwao mfalme wa Dameski, mfalme wa Hamathi, Ahabu wa Israeli, na Gindibu Mwarabu aliyekuja na ngamia 1,000. Andishi lililochongwa muda mfupi baada ya vita linasema maadui 14,000 waliuawa. Katika mnara wake mweusi wa jiwe, uliochongwa mwishoni mwa utawala wake, wamekuwa 20,500. Katika sanamu za fahali ni 25,000. Katika sanamu iliyopatikana Assur ni 29,000. Wafu hawaongezeki kaburini. Jambo la kufaa kuliko hesabu hizo zote ni kwamba maandishi yaleyale yanamwonyesha akirudi kupigana na muungano uleule mwaka 849, 848 na 845 K.K., kitu ambacho mshindi wa kweli hakihitaji. Kukua kwa idadi kwenyewe kunatuonyesha jinsi ukaribu wa tukio ulivyombana mwandishi, na jinsi kamba ilivyolegea mashahidi walipopungua.

Wakati mwingine idadi haikukusudiwa kuwa idadi kabisa. Sargoni wa Pili, baada ya vita vyake dhidi ya Urartu, ufalme jirani wa kaskazini, mwaka 714 K.K., aliandika barua ndefu kwa mungu Ashur, akiisalimu pia miungu ya mji wa Assur na watu wake, jambo linalowafanya wataalamu wengi waamini kwamba ilisomwa hadharani. Barua hiyo, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Louvre jijini Paris, inamaliza kwa kutaja hasara ya jeshi zima: mwendesha gari 1, wapanda farasi 2, askari wa miguu 3. Yaelekea msikilizaji wa Assur alijua kwamba huo ni mpangilio wa maneno ya ibada, si hesabu halisi ya waliokufa.

Mahali ambapo maandishi, picha na udongo vinaweza kukutanishwa kwa ukamilifu usio wa kawaida ni vita vya Senakeribu dhidi ya Yuda, mwaka 701 K.K. Nguzo zake za udongo zinadai aliiteka miji 46 yenye maboma, akawatoa watu 200,150, na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Msemo huo unapendeza, lakini haukuwa mpya: Tiglath-pileseri wa Tatu aliutumia kumhusu Resini wa Dameski, naye pia alikuwa hajauteka mji wakati huo. Kwa hiyo msomaji aliyezoea lugha ya makarani hawa huelewa mara moja kwamba Yerusalemu haukuanguka. Kodi iliyotajwa ni talanta 30 za dhahabu, sawa kabisa na Biblia, na talanta 800 za fedha, ambapo Biblia inasema 300.

Nguzo hizo hazitaji Lakishi, mmoja wa miji ya Yuda yenye maboma, hata mara moja. Hata hivyo, katika kasri la Senakeribu huko Ninawi, Layard alikuta chumba kizima ambacho michongo yake inaonyesha kutekwa kwa mji huo: matuta ya udongo na mawe, mashine za kubomolea ukuta zikipanda juu yake, mienge ikirushwa kutoka minarani, wanawake wakitoka langoni na mizigo mabegani, na mfalme ameketi kwenye kiti cha enzi huku maandishi madogo yakisema nyara za Lakishi zilipitishwa mbele yake. Huko Tell ed-Duweir, kusini-magharibi mwa Yerusalemu, uchimbaji wa miaka ya 1930 na ule ulioongozwa na David Ussishkin tangu miaka ya 1970 umelikuta tuta lenyewe kwenye pembe ya mji, tuta la pili ambalo watetezi walilijenga upande wa ndani, mamia ya vichwa vya mishale na mawe ya makombeo, vyote ndani ya tabaka la majivu. Mchongaji hakubuni. Alichofanya ni kuchagua: mgeni aliyeletwa katika chumba kile alionyeshwa mji ulioanguka, na ule ambao haukuanguka ukaachwa nje ya kuta. Uso wa mfalme katika mchongo huo umepondwapondwa, kazi inayodhaniwa kuwa ya waliouteka Ninawi mwaka 612 K.K., watu walioelewa vizuri kabisa mchongo ule ulikuwa na kazi gani.

Yote haya ni upande wa hadharani. Upande wa pili wa ufalme ulipatikana katika barua za kila siku zilizobaki Ninawi, miongoni mwa vibao na vipande zaidi ya 30,000 vinavyohusishwa na maktaba ya Ashurbanipal, mjukuu wa Senakeribu, na kuhifadhiwa sasa London. Barua hazikukusudiwa zidumu, na kwa sababu hiyo zina uzito wa pekee.

Chukua kifo cha Senakeribu mwaka 681 K.K. Biblia inasema aliuawa na wanawe alipokuwa akisujudu hekaluni. Mrithi wake Esarhadoni, katika maandishi yake rasmi, anasema tu kwamba ndugu zake walirukwa na akili na kutenda yaliyowachukiza miungu, bila kutamka wazi kwamba baba aliuawa. Mwaka 1980 mtaalamu wa Kifini Simo Parpola alionyesha kwamba barua moja iliyovunjika inamtaja mhusika, mwana wa mfalme aitwaye Arda-Mulissu. Barua hiyo inasimulia habari za watu waliogundua njama na kuomba kuonana na mfalme. Maafisa waliwauliza ombi lao linamhusu nani, nao wakataja jina. Hapo walifunikwa nyuso kwa nguo zao, wakasimamishwa mbele ya mtu, wakaambiwa waseme sasa kwa vinywa vyao wenyewe. Wakasema: mwanao Arda-Mulissu atakuua. Nguo zilipoondolewa, aliyekuwa mbele yao ni Arda-Mulissu mwenyewe. Hakuna andishi la ukutani lingeweza kutufundisha jinsi mfalme, aliyezungukwa na walinzi na makarani, alivyoweza kutengwa na habari ya kifo chake mwenyewe.

Esarhadoni aliurithi ufalme huo pamoja na woga wake. Kwenye mawe ya ukumbusho, kama lile lililofukuliwa Zincirli nchini Uturuki, anasimama mrefu akiwa ameshika kamba zilizofungwa midomoni mwa mateka wawili wadogo, mmoja wao akidhaniwa kuwa mwana wa Tirhaka, mfalme wa Kushi aliyekuwa akiitawala Misri hadi Esarhadoni alipoiteka Memfisi mwaka 671 K.K. Kwenye vibao ni mtu mwingine: mgonjwa wa mara kwa mara, ambaye mtaalamu wake Adad-shumu-usur anamsihi atoke gizani na ale. Hoja anayoitumia ni ya kitheolojia. Mfalme ni mfano wa Shamash, mungu jua. Na jua lenyewe halikai gizani mchana kutwa na usiku mara mbili, basi mfalme naye asizidi nusu siku. Nadharia ile ya ufalme mtukufu inageuzwa hapa kuwa dawa ya kumwinua mgonjwa kitandani. Katika vibao vingine Shamash anaulizwa, kwa kusoma maini ya kondoo, kama afisa anayetaka kuteuliwa ataasi. Na mwaka 670 K.K. kumbukumbu za matukio ya kila mwaka za Babeli zinaandika, kwa sentensi moja kavu, kwamba mfalme aliwaua kwa upanga wakuu wake wengi. Maandishi ya Esarhadoni mwenyewe hayana neno juu ya jambo hilo.

Kuna desturi moja inayoonyesha kiini cha ufalme huu kuliko nyingine. Kupatwa kwa mwezi kulipotabiri kifo cha mfalme, mtu mwingine aliketishwa kwenye kiti cha enzi, akavishwa mavazi ya kifalme na kupewa malkia, kwa muda ulioweza kufika siku 100, ili ishara mbaya zimwangukie yeye. Mfalme halisi alijificha, na barua alizoandikiwa wakati huo zilimwita mkulima. Kisha mbadala aliuawa. Barua ya Mar-Issar, mjumbe wa mfalme huko Babeli, inaripoti kwamba Damqi, mwana wa msimamizi wa hekalu la Akadi, aliyekuwa ametawala Ashuru, Babeli na nchi zote, alikufa usiku pamoja na malkia wake ili kumkomboa mfalme, na kwamba walijengewa kaburi na kuombolezwa. Ni wazi hayakuwa maigizo: miungu ilipaswa kumwona Damqi kuwa mfalme kwelikweli, na kwa siku zile ndivyo alivyokuwa. Cheo kiliweza kuvuliwa na kuvalishwa mtu mwingine kwa kuwa mwenye ufalme, tangu zama za Silulu, alikuwa Ashur.

Hofu ya kurudiwa kwa mauaji ya 681 ndiyo iliyomfanya Esarhadoni, mwaka 672 K.K., aiapishe dola nzima imtii mwanawe Ashurbanipal baada yake. Nakala za kiapo hicho zilipatikana Nimrud mwaka 1955, zimevunjwavunjwa ndani ya jengo la hekalu la Nabu, mungu wa uandishi, zikiwa na majina ya watawala wa Umedi, nchi iliyokuwa magharibi mwa Iran ya leo. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidhani kiapo kile kiliwahusu Wamedi hasa, labda kwa sababu walikuwa walinzi wa kasri. Mwaka 2009 timu ya Chuo Kikuu cha Toronto ilikuta nakala nyingine Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki, ikihusu gavana wa mkoa wa huko na maafisa wake. Dhana ya Wamedi peke yao ilikosa nguvu papo hapo. Zaidi ya hayo, kibao kilikuwa ndani ya chumba cha ndani cha hekalu, na moja ya masharti yaliyoandikwa juu yake ni kwamba waapaji wakilinde kama mungu wao. Kibao chenyewe kilikuwa na mihuri ya Ashur, hivyo sharti hilo halikuwa mafumbo.

Hapo ndipo uchimbaji wa leo una kazi isiyoweza kufanywa na wasomaji wa kikabari peke yao, na ndipo hasara inapouma. Msikiti wa Nabii Yunus huko Mosul, uliolipuliwa Julai 2014, ulijengwa juu ya kilima chenye kasri ambalo Esarhadoni alilitumia. Waporaji walichimba mahandaki chini yake, na baada ya mji kukombolewa mwaka 2017 wanaakiolojia wa Iraq, na baadaye timu kutoka Heidelberg, waliingia humo na kukuta maandishi ya Esarhadoni yakiwa bado kwenye kuta, sehemu ambazo hakuna mtu alikuwa amezifikia. Vitu vilivyotangulia kutolewa na waporaji vitaendelea kusomeka popote vitakapoibuka, kwa kuwa alama za kikabari hazifutiki kwa kuuzwa. Lakini kama kibao cha Tayinat kingepitia mikononi mwa wachuuzi, tungepata nakala moja zaidi ya kiapo kilichojulikana tayari, na tusingejua ni hekalu gani lililokitunza wala gavana wa Tayinat alikula kiapo mbele ya nani.